Uchambuzi wa kisa: kanvasi ya korongo ya Hajati wa Bombo, vile tulichagua mishono na nyuzi

Kisa chenyewe ni hiki. Hajati mmoja wa Bombo hapa Uganda, mkono wake kwenye sindano hauna shida kabisa, katumiwa na bintiye alieko Uingereza kanvasi iliyochorwa kwa rangi: korongo taji, yule ndege wetu wa kwenye bendera, amesimama kando ya maji, mafunjo nyuma yake, anga ya jioni juu. Matundu 13 kwa inchi, picha inchi 12 kwa 12. Haikuja na uzi wala karatasi ya maelezo, ni kanvasi tu imekunjwa ndani ya bahasha. Anataka itoke mto wa kochi la sebuleni. Swali lake lilikuwa moja, "mwanangu, hapa nashona nini na nini?"

Nakiandika kwa urefu manake hilo ndo swali linalokwamisha wengi wanaotoka kwenye vitambaa na kuingia kwenye kanvasi. Huku Uganda kina mama wengi wanajua kudarizi, nenda nyumba yoyote utakuta vitambaa kwenye viti, kwenye meza, hadi juu ya tivii. Lakini kwenye kitambaa unadarizi ua na majani yake, kitambaa kinachobaki kinajikalia wazi na ni sawa. Kanvasi haikubali hivyo. Ni wavu, na ule wavu wote lazima ufunikwe, kwahiyo sehemu "tupu" ya picha nayo inataka mshono, inataka uzi, inataka uamuzi. Inchi 12 kwa 12 kwa matundu 13 ni 156 mara 156, yani mishono 24,336 kama kila tundu linapata mshono mmoja mdogo, na karibu nusu ya hiyo ni anga. Mtu anafikiria ndege, kumbe kazi kubwa iko nyuma ya ndege.

Alikuwa ameshaanza. Kona ya juu kushoto alikuwa ameshona kipande cha anga kama kiganja, kwa uzi wa pamba wa nyuzi 6 rangi ya chungwa, kwa nusu-krosi, ule mshono wa kwenda upande mmoja tu bila kurudi. Ukiangalia kwa karibu vidoti vyeupe vya kanvasi vinachungulia katikati ya mishono, na kanvasi yote imeanza kulala upande, kona zake si mraba tena. Akafikiri uzi ni mwembamba. Alitaka kubadilisha aweke sufu ya sokoni, ile ya nailoni ya kufumia masweta.

Uzi haukuwa na kosa lolote. Nyuzi 6 za pamba kwenye matundu 13 zinatosha kabisa kwa mshono mdogo wa mshazari. Kulikuwa na vitu viwili. Kwanza alikuwa anautumia uzi vile ulivyotoka kwenye skeini, yani kile kifungu unachonunua dukani, zile nyuzi 6 bado zimeshikana na zimejisokota, kwahiyo kila mshono unakaa kama kamba nyembamba ya mviringo na haujazi nafasi yake. Chukua kipande cha kama sentimita 45, vuta uzi mmoja mmoja kutoka juu mpaka zote 6 zimeachana, alafu zilaze tena pamoja ndo utie kwenye sindano. Ni uzi uleule, kiasi kilekile, lakini sasa unalala bapa na unafunika. Ukiongeza kijisindano cha pili cha kulaza nyuzi kila unapovuta, hata msumari mnene usio na kutu unafanya, uso wa kazi unakuwa laini mpaka unashangaa. Watu wengi wanaruka hatua hii wakisema inachelewesha, na mimi naona ndo hatua inayotenganisha kazi nzuri na kazi ya kawaida, kuliko hata uchaguzi wa mshono wenyewe.

Cha pili ni nusu-krosi yenyewe. Mishono midogo ya mshazari iko mitatu na mbele inafanana, ukiweka pamoja huwezi kutofautisha kwa haraka. Tofauti iko nyuma. Nusu-krosi nyuma yake ni vijistari vifupi, inakula uzi kidogo, kama theluthi moja pungufu, na kwenye kanvasi hii ya uzi mmoja mmoja usiofungwa kwenye makutano, mshono unateleza na wavu unachungulia. Ule wa pili, kontinenta, unaenda mstari kwa mstari na nyuma yake ni mistari mirefu iliyoinama, unafunika vizuri lakini unavuta kanvasi upande kila mstari, ukijaza nao eneo kubwa mto wako utatoka umelala upande. Wa tatu ni mshono wa kikapu. Unashonwa kwa safu za mshazari, moja inashuka moja inapanda, nyuma yake nyuzi za wima na za kulala zinapishana kama ukindu uliosukwa na kwahiyo mvuto wa huku unazuiwa na mvuto wa kule. Unakula uzi zaidi lakini mto unapata mgongo mnene wa kuvumilia kukaliwa.

Hajati alipougeuza na kuona mgongo wa kipande changu cha mfano alicheka, akasema "hii nimesuka maisha yangu yote." Na kweli, mama huyu anasuka tabaga za Kinubi, zile sinia za kusukwa, macho yake yameshazoea kupishana kwa nyuzi. Kanuni ya kupanda na kushuka, ambayo wengi inawachukua muda kuishika, yeye aliiona palepale: angalia makutano ya kanvasi, kama uzi wa wima ndo uko juu, safu hiyo unashuka, kama uzi wa kulala ndo uko juu, safu hiyo unapanda. Ukivunja hiyo, ukashuka mara mbili mfululizo kwa mfano baada ya kuacha kazi na kurudi kesho yake, mbele patatokea mstari kama mkunjo na hautoki hata uoshe hata unyooshe. Ndo maana ukiacha kazi acha katikati ya safu, sindano ikiwa hapohapo, utajua ulikuwa unaenda wapi.

Kile kipande cha kona tulikifumua. Aliumia kidogo manake kulikuwa na kazi pale. Lakini ukiacha nusu-krosi kona moja na mshono wa kikapu kwengine kote, unene wa nyuma hautalingana na kwenye anga iliyotulia mpaka utaonekana, hasa jioni mwanga ukipiga kwa upande. Mto ni wa miaka, kufumua ni kazi ya mchana mmoja. Tukakata kwa mkasi mdogo kutokea nyuma, ule uzi hatukuurudia, uzi uliopita kwenye kanvasi umeshachakaa. Alafu seremala wa jirani akatengeneza fremu ya mbao nne, tukabana kanvasi na pini za shaba, na kingo tukazizungushia utepe wa karatasi ule wa wapaka rangi manake kanvasi iliyokatwa inakwaruza uzi na inajifumua yenyewe. Sindano ni namba 20, ile butu, ya ncha kali inachoma nyuzi za wavu badala ya kupita kwenye tundu.

Sasa tuje kwenye kuchagua kwenyewe.

Kwenye simu ya bintiye mdogo alikuwa amehifadhi mapicha mengi ya mishono mizuri mizuri, na mpango wake ulikuwa kila sehemu ipate mshono wake wa ajabu: anga mshono huu, maji ule, mafunjo mwingine, bawa ule mshono wa Rodesi unaoinuka kama kijilima. Na dhahabu. Dhahabu kila mahali, kwenye jua, kwenye maji, kwenye manyoya, kwenye ukingo. Nikamwambia Hajati, harusi ambayo wageni wote wamevaa gomesi za kumeremeta, bibi harusi utamtafuta. Kabla hujauliza mshono gani ni mzuri, uliza hii sehemu inafanya kazi gani kwenye picha, inakuja mbele au inarudi nyuma. Kinachong'aa kinakuja mbele. Kilichofifia kinarudi nyuma. Mshono mkubwa wenye umbo lake unakuja mbele, mshono mdogo wa kufanana unarudi nyuma. Kila sehemu ikija mbele basi hakuna mbele.

Kwahiyo tukaanza na korongo, tukaulizana nini kwa huyu ndege mtu anakiona kwanza. Hapo hapakuwa na ubishi, ni lile taji. Manyoya magumu ya dhahabu yanasimama nyuma ya kichwa kama miale. Tukakubaliana dhahabu itakaa pale tu, na mng'ao mwingine wowote kwenye mto huu uwe mdogo kuliko ule. Uamuzi huo mmoja ulitatua nusu ya maswali yaliyobaki.

Anga ndo ilikuwa rahisi baada ya hapo: mshono wa kikapu, pamba ya nyuzi 6, basta. Alinyong'onyea, "mahali pote hapo mshono mmoja?" Ndio, lakini rangi ndo inafanya kazi. Mchoraji ameanza na njano chini karibu na maji, inapanda kuwa chungwa, kisha waridi, juu kabisa zambarau nyepesi, na hizo rangi zinayeyukiana. Na hapa pamba ya nyuzi 6 inaushinda uzi wa peli, ule uliosokotwa usioachana, kwa sababu unaweza kuchanganya kwenye sindano. Nyuzi 6 za chungwa, halafu safu kadhaa 4 za chungwa na 2 za waridi, halafu 3 kwa 3, halafu 2 kwa 4, mpaka waridi tupu. Ukisimama hatua mbili mbali huoni mpaka uko wapi. Safu za kikapu zinaenda mshazari, kwahiyo usibadilishe rangi kwenye mwisho wa safu, badilisha ukifika kwenye rangi iliyochorwa na uache kingo ziwe za mawimbi, zikinyooka utapata mistari ya bendera.

Kuhusu kiasi cha uzi, usinunue kwa kukisia. Shona inchi moja ya mraba, pima umetumia uzi kiasi gani. Kwake ilikula kama mita 1.4 ya uzi mzima, na anga ni kama inchi 70 za mraba, basi ni mita 98, skeini moja ni mita 8, hiyo ni skeini 13, tukaongeza 2 za akiba na kugawa kwa rangi nne. Nunua zote siku moja, duka moja, angalia namba ya rangi na namba ya bechi (nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja) kama zipo kwenye karatasi. Bechi mbili za rangi ileile zinaweza kutofautiana na kwenye anga huwezi kuficha, yani patakuwa na ramani pale. Yeye alikwenda Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa Kampala, na kipande cha kanvasi ya mfano mkononi, akatoka nje ya duka kuangalia nyuzi kwenye mwanga wa jua, wenye duka wakamshangaa lakini hivyo ndo inavyotakiwa, taa za dukani zinadanganya sana hasa kwenye zambarau na kijivu.

Hapo kwenye anga kukatokea jambo ambalo yeye ndo aliliona, na ni la maana. Shingo ya korongo ni kijivu hafifu. Anga nyuma ya shingo ni waridi hafifu. Rangi ni tofauti lakini uzito wake ni mmoja. Hajati alisimama mbali akasema shingo inapotea. Tukapiga picha na simu, tukaigeuza nyeusi na nyeupe, na kweli shingo na anga zilikuwa kitu kimoja, kichwa kinaelea peke yake. Mimi nilikuwa naelekea kuifanya shingo iwe nzito kidogo. Yeye akakataa, akasema korongo shingo yake ni ile ile nyepesi, usimbadilishe ndege, badilisha kilicho nyuma yake. Akachukua mashina mawili ya mafunjo yaliyochorwa pembeni akayasogeza kwa penseli yakapita nyuma ya shingo, kijani kizito. Shingo ikatoka mbele palepale. Rangi iliyochorwa kwenye kanvasi si sheria, inafunikwa yote.

Shingo yenyewe, ukimtazama korongo vizuri, manyoya ya chini ya shingo ni marefu membamba yananing'inia juu ya kifua. Pale mshono mdogo wa mshazari ungekuwa sahihi lakini ungekufa. Tukatumia mishono ya wima inayopishana kama matofali, kila mmoja unapita nyuzi 4 za kanvasi, unaofuata unaanza katikati ya jirani yake. Inashuka kama manyoya yanavyoshuka. Kitu cha kujua ni kwamba mshono wa wima haufuniki sawa na wa mshazari, unakaa katikati ya nyuzi mbili za kanvasi na wavu unachungulia pembeni, kwahiyo uzi uongezeke, tukatoka nyuzi 6 tukaenda 8, zikichanganywa kijivu mbili tofauti ili pasiwe bapa. Jaribu kwanza pembeni mwa kanvasi, kwenye ile nafasi isiyochorwa. Wengine 7 zinawatosha, inategemea mkono unavuta kiasi gani.

Bawa ndo tulibishana. Yeye na Rodesi wake. Ni mshono mzuri sana, siukatai, nyuzi zinazunguka kutoka kona hadi kona mpaka katikati panainuka. Lakini bawa jeupe lililochorwa pale ni upana wa matundu kama 20. Rodesi ya matundu 6 itaingia mara tatu na vipande vipande pembeni vya kujaziliza. Jicho linahitaji kuona umbo likijirudia mara kadhaa ndo lisome kama mpangilio, chini ya hapo linaona vigae. Na kigae hakina uhusiano na bawa. Alafu ni mto wa kochi, ule mlima wa uzi ndo utasuguliwa wa kwanza, na mjukuu ndo atauchokonoa. Tukaenda kwa gobeleni ya mlalo kidogo, mishono mifupi ya kuinama inayofuata mwelekeo wa manyoya, kwa uzi wa peli namba 5 mweupe. Peli imesokotwa, ina mng'ao wa kiasi, kwahiyo bawa linapata uhai lakini chini ya taji. Namba za peli zinachanganya watu: namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba, 3 ni mnene, 8 ni mwembamba, na 5 iko katikati. Ule ukingo wa manyoya ya njano na kahawia chini ya bawa ukapata mshono mdogo wa kawaida kwa pamba isiyo na mng'ao, ili usigombane na jirani zake.

Uso ni mdogo, shavu jeupe halifiki matundu 12 upana, hapo hakuna cha kuchagua, mshono mdogo tu, kontinenta pale kikapu kisipoingia. Ila paji la uso la korongo ni jeusi na ni kama mahameli, halirudishi mwanga. Na hapa ndo ile sufu ya nailoni ya sokoni ikapata kazi. Kwa anga ingekuwa balaa, ni nene, inanyumbuka, inatoa vinyweleo baada ya kusuguliwa. Lakini ukiitenganisha, ile yenye nyuzi 4 ukachukua 2, kwa eneo dogo jeusi linalotaka kufifia na kuwa na unyweleo kidogo, inafaa kabisa. Jicho la buluu hafifu ni mshono mmoja. Mmoja, na doti nyeusi katikati inawekwa mwisho kwa uzi mmoja tu wa pamba.

Ule wekundu wa kooni na juu ya shavu ulinitia wasiwasi kuliko kitu chochote kwenye kanvasi nzima. Nyuzi nyekundu ndo zinaongoza kwa kuchuja, na pale nyekundu imepakana na nyeupe, na mwisho wa kazi lazima kanvasi ilowanishwe kidogo ili inyooshwe. Lowesha kipande cha uzi, kibane kwenye kitambaa cheupe, acha kikauke. Nyekundu ya kwanza aliyonunua iliacha alama ya waridi. Akaenda kutafuta nyingine, ikatoka safi. Fanya hivyo pia kwa rangi ya kanvasi yenyewe, kwa pamba yenye maji pembeni, manake si wachoraji wote wanatumia rangi isiyotoka.

Maji na mafunjo nitapita haraka. Maji: mishono ya kulala inayopishana, mirefu na mifupi, inapita nyuzi 2 na 4, peli namba 5 ya buluu na chache za chungwa chini ya jua. Kuna mtindo wa kushona maji kwa mishono michache tu na kuacha rangi ya kanvasi ionekane katikati, ni mzuri mno kwa picha ya ukutani kwenye fremu, lakini kwenye mto wa kukaliwa wavu ulio wazi utachafuka na vumbi letu jekundu. Mafunjo: mashina gobeleni ya wima, pamba nyuzi 8, vichwa vyake mishono ya kutawanyika kutoka kitovu kimoja, kijani mbili, hakuna mng'ao hata kidogo. Miguu ya korongo nyeusi, mshono mdogo. Hajati alitaka vichwa vya mafunjo vipate angalau dhahabu kidogo. Nikamkumbusha tulichokubaliana, akanyamaza, kisha akasema haya.

Taji sasa. Liliachwa mwisho kwa makusudi. Dhahabu aliyokuwa nayo ni ya cherehani, ile nyembamba ya koni wanayodarizia kofia na nguo za sherehe. Ukiitia kwenye sindano na kuipitisha kwenye kanvasi inachanika, yale maganda ya kumetameta yanavuliwa na wavu unabaki na uzi wa ndani. Wengi wakifika hapo wanasema uzi ni feki. Nyuzi maalum za dhahabu za kanvasi zipo, mtu akikuletea kutoka nje sawa, na hata hizo tumia vipande vifupi vya kama sentimita 30. Lakini hii ya koni tunaweza kuitumia bila kuipitisha kabisa, kwa kuilaza juu na kuibana.

Kwanza anga yote nyuma ya kichwa ilishonwa mpaka kwenye kichwa, kana kwamba taji halipo. Kisha juu yake akachora miale kwa kalamu ya maji, kutoka sehemu moja nyuma ya kichwa kwenda nje, haina urefu sawa, kwa korongo wa kweli haiko sawa. Kila mwale: mshono mmoja mrefu wa peli namba 8 ya njano iliyokolea, huo ndo mfupa. Juu yake zinalazwa nyuzi 4 za dhahabu pamoja, ncha zake tu ndo zinaingia upande wa nyuma kwa sindano yenye jicho kubwa. Alafu unabana, kwa uzi mmoja wa pamba ya njano, kijishono kidogo kinachovuka mwale, kila baada ya milimita 3 au 4 hivi. Usivute, ukivuta mwale unapata kiuno na dhahabu inapinda. Unavifanya vibano vipishane kati ya mwale na jirani yake visiwe mstari mmoja, la sivyo jicho litaona duara lililochorwa katikati ya taji. Vibano hivyo ndo vinafanya mto uweze kukaliwa, mshono mrefu ambao haujabanwa utanaswa na pete au bangili siku ya kwanza tu.

Nilikaa naye wakati anabana mwale wa kwanza kwa sababu hapo ndo mkono unajifunza nguvu yake. Wa kwanza ulikaa mnene kidogo. Wa tatu ulikuwa umenyooka. Wa kwanza akaufumua mwenyewe bila mimi kusema. Ukimaliza miale, mzizi wake wote unafunikwa na safu mbili za mshono mdogo mweusi wa paji, ili ionekane manyoya yametoka kichwani na si kubandikwa.

Kutoka kwenye fremu kona zilikuwa karibu mraba, kwahiyo kunyoosha kulikuwa kidogo tu: unyevu wa kupuliziwa nyuma, si kulowanisha, pini zisizoshika kutu kila baada ya sentimita 2 kwenye ubao, uso ukiwa juu kwa ajili ya taji, ndani ya nyumba mpaka ikauke yenyewe. Mgongo wa mto ukapata mahameli ya kijani ile ya mafunjo yaliyopita nyuma ya shingo, zipu chini, na mto wa ndani wa inchi 14 kwa ganda la inchi 12, ukubwa ukizidi kidogo ndo kona zinajaa.

Swali lake la mwisho lilikuwa la kufua. Haufuliwi kwenye beseni. Vumbi liondolewe kwa kupiga mgongo wa mto kwa kiganja, na mahali palipoingia doa papanguswe kwa kitambaa cheupe chenye maji baridi, kutoka pembeni kuja katikati, bila kusugua taji. Na kochi lenyewe lisogezwe mbali na dirisha la magharibi, jua la saa kumi la Bombo litakula zile waridi na zambarau za anga kabla hata pamba haijachakaa.